Jumapili Ambayo Sikuwa Binti Yake

Sironga, Nyamira
4 Februari 2025

Kwa Tata Nyasani, fundi seremala, Nyakoe.

Usishtuke kuona barua. Najua simu unayo na namba yako ninayo, lakini haya ninayotaka kukuuliza siwezi kuyatamka huku nasikia unapumua upande wa pili. Ndiyo maana pia naandika Kiswahili. Kwa Ekegusii ningefika mstari wa pili nikaweka kalamu chini kwa aibu.

Mimi ni Esnah Nyanchoka, kifungua mimba wa rafiki yako Alfayo Ochoki. Ulitutengenezea kabati la vyombo mama alipokuwa bado hai, mvua ikakufungia kwetu siku mbili, ukala ugali wetu wote. Siku hizi nafanya kazi Nyamira mjini, ofisi ya ardhi, dirisha la pili. Tangu Januari nimehamia kwa baba yangu, tata, hapa Sironga kwa sababu ya ugonjwa wake.

Naenda moja kwa moja. Tata ana uvimbe kooni. Tarehe kumi na nane Machi anapasuliwa Eldoret. Daktari alitueleza bila kuzunguka: uhai atabaki nao, kula atakula, lakini sauti hakuahidi. Kuongea, labda kwa kunong'ona. Kuimba, tusahau.

Na mimi sijawahi kumsikia baba yangu akiimba nyimbo zake.

Sababu unaijua. Kwetu kuna ensoni, ile heshima ya haya inayokaa kati ya mzazi na mtoto. Baba hataji mapenzi mbele ya mwanawe, sembuse kuyaimba. Kwa hiyo mandolini yake inalala karakana kwako, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anavaa kofia, anasema, "Naenda kumwona Nyasani." Sisi tumekua tukijua kwamba Nyakoe siku ya Jumapili si mahali pa watoto wa Alfayo. Nina miaka arobaini na sita na sijakanyaga hapo Jumapili hata moja.

Lakini watu wengine wote wamemsikia. Wiki jana mpima ardhi kutoka Keroka alisoma jina langu mezani, akaniuliza kama mimi ni wa Ochoki mpiga mandolini. Nikasema ndiyo. Alinishika mkono akashindwa kuuachia. Akaniambia, "Dada, mimi nilimsikia mara moja tu, nikiwa nimebeba kuku wa kuuza. Siku hiyo kuku sikuuza." Foleni imejaa nyuma yake na yeye machozi yanamlengalenga. Nilimgongea muhuri nikiwa na wivu, Mungu anisamehe.

Binti yangu Ashley ana kipande cha sekunde kumi na tano kwenye simu. Yeye ni mjukuu, anaruhusiwa; babu yake humwimbia na kumtania atakavyo. Alinifungulia nisikilize. Nilisikia mkwaruzo wa nyuzi, nikamwambia azime. Niliona ni kama nimemchungulia tata akioga. Mimi ninayemjua ni yule wa kanisani siku ya Sabato, anayeimba besi chini chini kama mtu anayehesabu magunia.

Niambie ni nini hicho watu wanasikia. Na kama kuna njia ya mimi kukisikia kabla ya tarehe kumi na nane bila kumvunjia heshima, nionyeshe. Purity anayeuza ndizi sokoni kwenu ndiye atakayekuletea barua hii, na ndiye atakayebeba jibu.

Ni mimi mwanao,
Esnah Nyanchoka


Nyakoe
10 Februari 2025

Binti yangu Esnah,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye uvimbe nikatafuta kitu cha kukalia, nikakalia mlango niliokuwa nimetoka kuupaka vanishi. Suruali imeharibika, na mlango wa watu umeharibika, na kosa ni la baba yako.

Mimi ameniambia ni vumbi. Tangu Desemba anakohoa, ananilaumu eti karakana yangu ni chafu, na mimi mjinga kila Jumapili asubuhi nimekuwa nikinyunyiza maji sakafuni ili Alfayo asikohoe. Miaka hamsini na mbili tumepiga muziki pamoja, na habari ya koo lake naletewa na muuza ndizi. Nimekasirika sana. Nikimaliza kukasirika nitaanza kuogopa, kwa hiyo acha nikujibu kabla sijafika huko.

Umeuliza watu wanasikia nini. Mwaka 1966 shuleni kwa baba yako kulikuwa na mwalimu Mmarekani wa kujitolea, kijana wa milima ya Kentaki. Muziki wa kwao huko milimani wanauita blugrasi. Ni nyuzi tupu, hakuna ngoma, hakuna umeme, na mwimbaji anapanda juu mpaka unaogopa atakatika. Mwalimu alipoondoka alimwachia Alfayo mandolini yake. Ni kitu kidogo, kama gitaa lililokatazwa kukua, nyuzi nane zimepangwa mbili mbili. Watu walicheka. Waliuliza kijana mzima anafanya nini na kitu cha mtoto.

Nyimbo za Kentaki aliziimba mwaka mmoja tu. Baadaye aliuchukua ule mwendo akautia Ekegusii chetu: chai, mvua ya mawe, wasichana wa Sironga, mwanaume aliyekataliwa akarudi nyumbani na miwa aliyopeleka. Mimi napiga gitaa. Mzee Onsongo anapiga besi ya sanduku la chai, lile lenye mti na kamba moja. Ngoma hatuna, kwa sababu ngoma ni baba yako. Anazipiga nyuzi kwa mkato na kuzizima papo hapo kwa vidole, katikati ya mapigo yetu, na miguu ya watu inaanza kutembea huku wenyewe wamekaa. Zamani nyuzi zikikosekana tulifumua waya za breki za baiskeli. Zilimchana vidole mpaka damu, na Jumapili iliyofuata alikuja.

Halafu anaimba. Hapa nimeandika nikafuta mara nne. Sauti hiyo haitoki kwa huyo mzee wako wa besi. Inaanzia juu, pale ambapo sisi wengine tunaishia, kisha inapanda tena, na haitetemeki. Ana miaka sabini na saba na bado kila Jumapili kuna mahali nywele za mikono yangu zinasimama na nakosea gitaa. Anadhani nakosea kwa uzee. Sijawahi kumwambia. Wanaume hatuambiani.

Sasa sikia ujanja wangu. Nyuma ya karakana kuna stoo ya mbao, na ukuta wake ni wa mabanzi, una nafasi za kupitisha kidole. Njoo Jumapili saa saba, kabla hajafika. Nitakuwekea kiti humo. Utasikia kila kitu, na yeye hatajua hata siku moja.

Baba yako wa Nyakoe,
Nyasani


Nyamira
14 Februari 2025

Tata Nyasani,

Kwanza nisamehe. Sikujua kwamba amekuficha. Ningejua ningeanza barua taratibu zaidi, na ule mlango wa watu ungepona.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi imelegea kwenye mikunjo. Hapo pa sauti kuanzia mnapoishia nilifunga dirisha la ofisi dakika tano nikasema nimeenda kutafuta faili. Namjua mtu huyu tangu nizaliwe. Nimemkatia kucha mwezi huu. Na kumbe ndani yake kuna kitu kinachofanya fundi wa Nyakoe asimame nywele.

Lakini stoo sitaingia. Usinione najifanya mtakatifu. Nililitaka sana wazo lako, na Jumatano nilishachagua viatu visivyopiga kelele. Kisha nikajiona nimekaa gizani nyuma ya mabanzi, tata anaimba akiamini hakuna mtoto wake hapo, na mimi namwibia. Nikijificha nitakuwa nimesikia muziki wa Alfayo Ochoki kama yule wa kuku. Nitakuwa bado sijamsikia tata. Nataka aimbe akijua kwamba nipo.

Basi muulize wewe. Mimi siwezi kumuuliza, ulimi ungenikauka. Muulize kwa upole, mkiwa wawili. Akikataa, amekataa.

Na kuna jambo lingine. Wapo watu wanaoimba wimbo fulani dukani, nikiingia wanakatiza. Neno la mwisho kabla hawajanyamaza huwa ni Gesare. Hilo ni jina la mama. Je, kuna wimbo wa mama?

Mwanao,
Esnah


Nyakoe
24 Februari 2025

Esnah,

Nimeharibu.

Uliniambia kwa upole na tukiwa wawili. Mimi Nyasani nikaona nitalainisha mambo kwa utani. Jumapili ile ya tarehe kumi na sita tulikuwa tunakaza nyuzi, watu wamekwisha kukaa kwenye mbao, Onsongo yupo, muuza maandazi yupo. Nikasema kwa sauti, "Alfayo, kuna shabiki mpya anataka kuja. Ana miaka arobaini na sita na ana pua yako." Watu wakacheka. Yeye pia akacheka kidogo, kisha akaelewa.

Aliiweka mandolini ndani ya sanduku lake akafunga vibanio vyote viwili. Akaniuliza, "Umeongea na mtoto wangu kuhusu mimi?" Nami badala ya kunyamaza nikasema kwamba ndiyo, na kwamba habari ya Eldoret najua, na vumbi lake nimelichoka. Mbele ya watu, mwanangu. Nimemvua nguo mara mbili kwa pumzi moja. Alitoka bila kofia.

Jana hakuja. Watu walikuja, kuna waliotoka Kisii mjini na watoto mgongoni. Tulipiga mimi na Onsongo. Hata sitaki kukueleza. Walituvumilia nusu saa wakaondoka mmoja mmoja kwa adabu.

Sasa nikujibu kuhusu Gesare, maana nimeshaharibu kila kitu, na hili moja nataka nilifanye sawasawa. Ndiyo, upo wimbo wa mama yako. Aliutunga kabla hajamwoa, na ndio tunaofunga nao kila Jumapili. Tangu mama yako afariki, mwaka wa kumi na nne huu, hajauacha hata mara moja. Nilimwambia siku moja kwamba tunaweza kuuruka ikiwa unamuumiza. Aliniangalia kama nimemwambia aruke kula.

Nadhani huo ndio hasa unaomkataza. Nyimbo za wasichana wengine angejilazimisha. Lakini mwanaume amwimbie mama yako mapenzi na wewe umekaa hapo, umetoka kwake yeye na kwa huyo Gesare, hapo hata mimi ningekimbia bila kofia.

Kofia yake iko hapa. Nimeitundika kwenye msumari wa mandolini.

Nyasani


Sironga
3 Machi 2025

Tata Nyasani,

Na jana pia alibaki nyumbani. Alikula, akavua viatu, akakaa mlangoni akitazama majani chai hadi jua likazama. Saa nane nilimwona vidole vya kushoto vinabonyeza goti. Hakujua. Nilikwenda bustanini kung'oa magugu ambayo hayakuwepo.

Hajanikemea. Heri angenikemea. Anasema asante kwa chai, anasema asante kwa dawa, na macho yake yanapita pembeni ya sikio langu. Zimebaki Jumapili mbili kabla ya Eldoret, na tatu nimekwisha kumnyang'anya mimi, kwa uroho wangu wa kutaka kusikia.

Kwa hiyo naomba umfikie, popote utakapomkuta. Mwambie Esnah ameondoa ombi lake. Mwambie sitakuja, wala sitamtuma mtu, wala sitasikiliza simu ya Ashley. Jumapili hizi mbili ni zake na zako na za wale watu wa maandazi. Nimekaa miaka arobaini na sita bila sauti yake na nimekuwa mtu. Lakini siwezi kukaa nikijua kwamba mara ya mwisho alipoweza kuimba alikuwa mlangoni anatazama majani kwa sababu yangu.

Inaniuma, sitakudanganya. Mama alikwenda nikiwa sijui habari zake za usichana hata moja, na nilifikiri wimbo huo ungenipa kidogo. Basi. Aimbe.

Esnah


Nyakoe
10 Machi 2025

Binti yangu,

Kaa chini. Angalia kwanza kama kuna vanishi.

Ijumaa nilikuja Sironga. Nilimkuta kwenye kituo cha kupimia majani chai, kikapu mgongoni, kwenye foleni. Nilimpa kofia yake, akaivaa. Nilikuwa nimepanga hotuba, yote ikanitoka. Nikatoa barua yako yenyewe nikampa mkononi. Najua ilikuwa yangu na ilikuwa siri. Mwaka huu nimekuwa mtu wa kufichua, nivumilie.

Aliisoma hadi mwisho, akairudia. Zamu yake ya mizani ikapita, watu wakamzunguka. Akaikunja akaitia mfuko wa shati, na hadi leo hajanirudishia. Kisha akaniuliza, "Nyasani, huyu mtoto nilimpa jina la nani?"

Nikamwambia, "La nyanya yako. Wewe ndiye uliyempa, unaniuliza mimi?"

Akasema, "Na mtu na nyanya yake wana ensoni gani?"

Hawana, Esnah. Hawana hata kidogo. Mjukuu na nyanya wanataniana, wanatukanana, wanaimbiana chochote. Na yule mzee Nyanchoka ndiye aliyemlea baba yako baada ya mama yake kufa, ndiye aliyemfundisha kufungua mdomo. Wewe umebeba jina lake. Kwetu jina halibebwi tupu, unajua hivyo.

Jana alikuja akapiga. Kabla hatujaanza aliliweka jambo mbele ya Onsongo, ambaye ana miaka themanini na moja na hakubali kitu kwa urahisi. Onsongo alipiga besi wimbo mzima akifikiri. Mwishowe akasema inawezekana, ila isiwe mchezo wa kuigiza. Usije na Alfayo njia moja. Uje umejifunga leso kama mwanamke mzee, ukae kwenye kigoda mbele kabisa, siyo kwenye kona. Yeye atakuamkia kama nyanya yake, nawe umjibu kama nyanya, umtanie mbele za watu, usione haya. Usiteremshe macho, maana nyanya hateremshi macho kwa mjukuu. Ukilia, ulie kama bibi kizee anayelilia mambo ya zamani. Wimbo ukiisha, unyanyuke wewe kwanza, uende. Mkikutana nyumbani ninyi ni baba na binti, na jambo hili halitajwi.

Jumapili hii, saa nane. Ndiyo ya mwisho.

Nyasani


Nyamira
17 Machi 2025

Tata Nyasani,

Kesho anapasuliwa. Tunaondoka mchana huu. Naandika ofisini, foleni ni ndefu, na leo wanisubiri.

Sikusimulii yaliyotokea, ulikuwepo. Lakini njiani nikirudi niligundua jambo. Wewe husimama nyuma ya bega lake la kushoto. Onsongo huinamia sanduku lake. Miaka hamsini na mbili umemfuata mtu huyu na hujawahi kuuona uso wake akiimba. Mimi nilikuwa kigodani, hatua tatu kutoka kwake. Acha nikuambie.

Aliponiamkia, "Nyanya, umeamkaje?", wewe ukanikazia macho. Nikasema la kwanza lililonijia, "Vyema, mume wangu mdogo, ila umezeeka vibaya." Watu wakacheka, na tata akacheka. Nikaona meno yake ya nyuma. Tata Nyasani, sikujua kwamba yupo hivyo. Nimeishi na mtu mwenye kicheko kama kile na kila siku amekuwa akikiacha kwako kwenye msumari.

Akianza kupanda anafumba macho, kidevu kinainuka, shingo inanyooka, na uvimbe unaonekana. Niliuona waziwazi. Aliimba akipitia hapo hapo. Nilitaka kusimama nimwambie inatosha, kisha ile sauti ikafika nikabaki kigodani. Niliogopa. Namwoshea vikombe huyu mtu, na nilimwogopa kama mtu aliyefika ukingoni akakuta mto umejaa. Yule wa kuku alisema kweli na hakusema hata nusu. Wimbo wa miwa ulinichekesha hadi leso ikaanguka, na katikati ya kucheka nikajikuta nimeshika kifua, sijui hata ni saa ngapi aligeuza.

Gesare aliuimba macho wazi. Huwa anauimba hivyo? Alinitazama tangu neno la kwanza. Mama niliyemjua alikuwa na magoti mabovu na hasira za asubuhi. Nampenda, lakini ndiye huyo niliyemjua. Jana nilimwona ana miaka kumi na tisa, anapanda kutoka mtoni na mtungi, anajua anatazamwa na hageuzi shingo ng'o. Nilimwona anaringa. Mama yangu aliringa. Nililia, na sijui nililia kama nani, Onsongo atanisamehe. Ila macho sikuteremsha.

Wewe ulikosea gitaa mara tatu. Nilisikia. Na sasa nakuomba umwambie kwa nini, leo hii, kabla hatujaondoka. Purity anakuletea hii sasa hivi, mpigie simu. Akiwa bado anaweza kukujibu.

Mwanao,
Esnah


Sironga
27 Aprili 2025

Kwa Esnah Nyanchoka, binti yangu.

Naandika nikiwa sebuleni. Wewe uko jikoni, nasikia unavyogonganisha sufuria. Karatasi hii nitaiweka chini ya kikombe changu na utaiona ukija kutoa vyombo. Nimeandika Kiswahili kama ninyi, na ni kweli kinasaidia.

Sauti imekwenda. Tumejifanya wiki tano kwamba tunasubiri, wewe kwa ajili yangu, mimi kwa ajili yako. Tuache. Nilijua tangu nilipozinduka. Nyasani alinipigia siku ile kabla ya safari akaniambia habari ya nywele za mikono na gitaa. Nilimjibu kwamba siku zote nilijua hakosei kwa uzee. Hilo lilikuwa karibu neno langu la mwisho kumwambia kwa sauti, na sijutii.

Amenionyesha barua yako ya siku ile ya safari. Sasa nami nikupe jambo ambalo hata yeye hajui. Mwaka 1972 nilimwimbia mama yako wimbo ule nikiwa nje ya uzio wa kwao, jioni nne mfululizo. Hakutoka. Baba yake alitoka. Baadaye tulioana, na wanawake wa rika lile hawakuja kukaa karakana za watu kusikiliza, na nyumbani mlikuwepo ninyi watoto. Nikasema nitamwimbia mkishakua mkaenda. Mlipokua mkaenda, alikuwa mgonjwa, na niliona haya kumwimbia mgonjwa mambo ya shingo na mtungi. Kwa hiyo nimeuimba wimbo huo mbele ya wilaya nzima, na mwenye jina sijawahi kumwona akiusikia.

Wote husema umefanana naye. Mimi kama baba sikupata kukutazama usoni kwa muda mrefu, si adabu yetu. Jumapili ile niliruhusiwa. Ulipouliza kama huwa nauimba macho wazi, jibu ni hapana. Niliyafungua kwa sababu ulikuwa umekaa na kidevu juu, umekataa kuangalia chini, na machozi yanakutoka, na unaringa. Sasa najua mama yako alivyokuwa huko nyuma ya uzio.

Jana Nyasani aliniletea mandolini. Nilimwonyesha kwa mkono airudishe, kwamba mwimbaji amekwisha. Akaiacha mezani akaenda zake, unamjua. Nimekaa nayo usiku kucha moyoni na nimeona hivi. Ensoni yote ilikuwa kwenye maneno, na maneno daktari amechukua. Vidole bado ni vyangu. Nyuzi hazitaji jina la mtu.

Achana na hizo sufuria. Njoo ukae hapa nikupigie. Leso ya nini, acha. Njoo kama Esnah.

Ni mimi baba yako,
Alfayo Ochoki